Siku Niliyovaa Chungu Lyulilo

Jamani, aibu hii nilitaka nife nayo, lakini kwa kuwa soko zima la Lyulilo linaijua, heri niwasimulie mwenyewe kabla hamjaipata imetiwa chumvi.

Mimi ni mtu wa Tanga, nafundisha Kiswahili sekondari kule Ipinda, na neno nililolipenda kuliko yote ni staha (darasani nililitamka polepole, kama naweka kikombe cha udongo mezani). Basi nilipochumbiwa na Lusajo, shangazi yake akanikalisha chini: "Mwanangu, kwetu mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Ukimwona, funika kichwa, pisha njia. Mzee akisema huna staha, harusi hakuna." Nikajisemea moyoni, hilo tu? Staha si neno langu!

Jumamosi moja nikaenda Lyulilo kumnunulia shangazi chungu. Ziwa lilikuwa limelala, milima imejifunika ukungu, mitumbwi ya Ikombe inakuja taratibu imejaa vyungu, nami nikasimama pale naiota harusi yangu, naiona kabisa, hata ngoma nazisikia. Kuja kuzinduka, baba mkwe, mzee niliyemjua kwa picha tu, na koti lake lile lile, ameshashuka mtumbwini anakuja upande wangu.

Ningepisha njia tu, yakaisha. Lakini mimi na staha yangu iliyopitiliza, nikachuchumaa nyuma ya rundo la vyungu. Kumbe mzee naye anataka chungu! Anachukua kimoja, anakigonga, anasikiliza, anaweka kando, anachukua kingine, na rundo langu linazidi kupungua, mpaka nikaiona kofia yake, nikanyakua chungu kikubwa nikajivika kichwani.

Humo ndani, wallahi, palikuwa pazuri. Giza, harufu ya moshi, ziwa linavuma mbali sana, nikatamani nibaki humo humo. Halafu: ngo, ngo, ngo!

"Hiki hakilii vizuri," mzee akasema. "Kina nini?"

"Kina mwalimu, baba," mama muuzaji akajibu. "Yule mchumba wa Lusajo wako."

Soko likaangua kicheko. Nikavuta chungu, wapi, misuko imenasa! Nikalia humo humo, maana harusi yangu niliiona inazama.

"Nyamazeni!" Ilikuwa sauti ya mzee. "Mama, mwambie nimempa mgongo, natazama ziwa. Mtoe taratibu, asiumie."

Kilipotoka niliona mgongo wa koti tu. Watu wote macho kwangu, yeye macho majini. Nikamwambia yule mama "ndaga", asante ya kwao, kwa sauti ya kunong'ona, nikafunika kichwa, nikashika njia, na nilipochungulia kutoka barabarani mzee bado alikuwa amesimama vile vile, hajageuka.

Siku hizi nikilifikia neno staha darasani namwona yeye, koti na mgongo, hadi wanafunzi wanauliza, "Mwalimu, mbona unacheka?" Sijifanyi tena kulijua kuliko wenye nalo, naapa.

Na chungu? Alikinunua yeye mwenyewe, akampa shangazi aniletee pamoja na ujumbe: "Mwambieni mkwe wangu, hiki ni cha kupikia."