Filamu ya Ndugu Zetu

Kwiii! Ndivyo kipaza sauti cha Manase kilivyolia kila mchana, na mpaka leo wapo watu wa Muyinga, Burundi, wanaokunja uso wakikikumbuka.

Manase alikulia kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania. Amani ilipomrudisha nyumbani alikuta shamba la babake lina mtu mwingine. Husni, mwenye kibanda cha video, akakipenda Kiswahili chake kwa kuwa kilifanana na cha wale wanaotafsiri filamu. Akampa baiskeli, kipaza sauti, na kazi ya kuzunguka akitangaza filamu, yaani kudanganya watu.

Filamu zenyewe zilikuwa takataka: damu ya nyanya, joka la mpira wa maji lililoshonewa kitambaa, jambazi mmoja akifa mara tatu. Moja ilikuwa imetangazwa Gitega kuwa ni ya bibi harusi aliyemezwa na nyoka. Ilipofika Muyinga, Husni aliona humo watu wanakimbia msituni, akafurahi kama aliyeokota ng'ombe.

"We Manase, sema iko ya kweli! Sema ni vita yetu, watu yetu wanakimbia."

"Bosi, wale ni waigizaji."

"Alors, kwani nini? Nani atawauliza?"

Manase akatangaza, na kwa kiherehere chake akaongeza, "Njooni, huenda mkawaona ndugu zenu!"

Kibanda kikajaa. Joka lilipofumuka mshono watu walizomea, wakacheka, wakaenda zao. Melania peke yake alibaki kwenye benchi la mbele. Alikuwa mkulima, naye amerudi kutoka kambini. Kesho yake akaja tena, na keshokutwa, maharage yake yakimezwa na magugu.

Siku ya tatu, filamu ilipokwisha, alimwita Manase.

"Kaka, yule wa shati la bluu anayepita nyuma, anatembea kama ndugu yetu Damiano. Tulipotezana naye tukikimbia. Mwombe bosi asimamishe picha pale, nimtazame vizuri."

Husni alisikia, macho yakamwaka. Huruma hakuwa nayo hata ya kuazima.

"Formidable, safi kabisa! Kesho utangaze hiyo: mama amemuona ndugu yake! Watakuja hata watu wa Giheta, kule mbali."

Manase alimtazama kama mtu anavyotazama kitu alichokikanyaga. Aliijua kazi aliyokuwa anaitupa, na hakuwa na nyingine. Akachuchumaa kando ya benchi, akanong'ona:

"Dada Melania, Damiano hayumo. Maneno yale ya kuwaona ndugu niliyatunga mimi."