Jani la Isale na Ukurasa wa Mfereji

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hujikuta nasema "aika" kwa sauti hata nikiwa peke yangu jikoni. Aika ni asante kwa Kichagga, kama hukulelewa huku. Wajukuu hunicheka, wanadhani bibi yao ameanza kuongea na sufuria. Waache wacheke. Bila siku ile nisingekuwa hapa nao, kwa hiyo keti nikusimulie. Na kwa kuwa juzi uliniambia umefanywa admini wa kundi la vijana wa kata, sogea karibu zaidi.

Wakati huo nilikuwa kijana. Usikunje uso! Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, na nchi hii mtu wa umri huo huitwa kijana kwenye kila mkutano. Nilikuwa na duka la steshenari Majengo, kule mjini, nachapa barua za watu na kutoa kopi, lakini kwetu ni Kibosho, mlimani, na kila mwisho wa wiki nilipanda kwa mama. Kiangazi cha mwaka ule mfereji wetu ulikauka kwa namna ambayo haikuwahi kuonekana. Migomba ilinyauka, na ng'ombe wa mama akapungua maziwa. Tulipofuatilia tukakuta kwamba kule juu, karibu na banio, pale maji ya mto yanapoingia mferejini, hoteli moja ya watalii imetandaza bomba na kujichukulia maji bila kumuuliza mtu.

Tukafungua ukurasa mtandaoni. Niliyeufungua ni mimi, kwa laini yangu iliyosajiliwa kwa jina langu. Tuliweka picha za bomba na picha za mfereji mkavu, na kila siku tukauliza swali lile lile: nani ameruhusu? Mwanangu, ilikuwa raha, sikufichi. Watu wa kwetu walioko Dar na Arusha, hadi ng'ambo, walijiunga kwa wingi. Ofisi ya wilaya nayo ikajibu kwamba itatuma mtu kukagua. Nilitembea mjini kichwa juu, nikidhani kila anayenitazama ananijua.

Sasa sikiliza tulipojikwaa. Sisi wa mlimani tumelelewa kwenye kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa, ambako jirani akihitaji jani la mgomba anaingia na kulikata, na kunyimana kitu ni aibu. Basi kila mwenzetu aliyeniomba nywila ya ukurasa nilimpa. Alipewa binamu yangu, akapewa kijana wa kwaya, akapewa mwalimu wa shule ya jirani, mpaka tukafika watu kumi na mmoja. Kuificha nywila niliona ni uchoyo. Watu wa pwani husema manahodha wengi, chombo huenda mrama, lakini mimi chombo ningekijulia wapi? Nilijua migomba.

Asubuhi moja nikaamka na kukuta ukurasa wetu umeandika kwamba Mzee Aloisi ndiye aliyeuza mfereji kwa hoteli. Mzee Aloisi alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mfereji, mtu aliyeusafisha mfereji ule kwa jembe lake tangu mimi sijazaliwa. Ushahidi haukuwapo. Ilikuwapo picha yake, na chini yake matusi. Nilifuta haraka, lakini maji yakimwagika hayazoleki, na habari ilikuwa imeshaingia kwenye kila simu. Jumapili baada ya misa watu walimpita mzee yule bila kumsalimia. Mtoto wa jirani yake alimwita mwizi wa maji, barabarani, mchana kweupe.

Nikawauliza wenzangu, nani kaandika? Kila mmoja akaapa si yeye. Na hapakuwa na namna ya kumjua, maana sote tuliingia kwa nywila moja, na kilichoonekana ni jina la ukurasa tu.

Mzee akaenda kushtaki polisi, na alikuwa na haki. Nikaitwa mimi, mwenye laini. Afande alikuwa mpole, sitamsingizia, lakini alinisomea sheria ya makosa ya mtandao. Kusambaza uongo, alisema, kunaweza kumpeleka mtu jela. Akanitaka nirudi Jumatatu na jina la aliyeandika, la sivyo jina litakalokwenda mahakamani ni langu. Nilimfikiria mama yangu, mjane, mtoto wake ni mimi tu, nikapanda kwake siku hiyo hiyo.

Mama akafanya ambalo mama yeyote wa Kichagga angelifanya. Alikata jani la isale mpakani mwa kihamba, akaniambia twende kwa Mzee. Hivi wewe isale unalijua, au unaliona kama ua la mapambo tu? Ni jani la kuombea msamaha. Aliyekukosea akikuletea isale huwezi kumkatalia, hata kama amekuumiza vipi. Wazee wetu walipatanisha hata waliomwagiana damu kwa jani hilo.

Tulimkuta Mzee Aloisi anakata majani ya ng'ombe. "Shikamoo, Meku," nikasema. Meku ni mzee. Aliitikia marahaba bila kuinua macho. Mama akalinyoosha jani. Mzee akalitazama, asilipokee.

"Limeletwa na nani?"

"Binti yangu," mama akasema.

"Binti yako ndiye aliyeandika?"

"Hapana, Meku," nikadakia. "Si mimi, nakuapia kwa Mungu."

"Basi ni nani?"

"Sijui. Wenye nywila tuko wengi."

Akaweka panga chini. "Isale siwezi kulikataa, mila hainiruhusu. Msamaha ninao, upo hapa hapa. Lakini nimpe nani? Mnikosee watu kumi na mmoja, halafu nisione hata mmoja wa kuniletea jani lake?"

Akaendelea kwa sauti ya chini, na ile sauti ya chini iliniuma kuliko angefoka. "Nduwa yetu kila mtu anajua kuizibua. Hata wewe ulijua ungali mdogo." Nduwa ni bwawa tunalokusanyia maji ya mfereji. "Mbona kila siku anaizibua mmoja tu, wa zamu? Ili maji yakibomoa shamba la mtu, tujue tunabisha hodi wapi. Si kwamba twende kumpiga. Tuzungumze naye, yaishe. Ninyi mmejenga nyumba ya watu kumi na mmoja isiyo na wa kuitika hodi."

Nililia, mwanangu. Nililia mbele ya mama na mbele ya ng'ombe. Ndipo nikaona kile ambacho siku zote zile nilikikwepa kwa kusema si mimi, si mimi. Nikalichukua jani mkononi mwa mama.

"Meku, sikuandika. Lakini mlango ni wangu, na mimi ndiye niliyeuacha wazi bila kuuliza nani anaingia. Kwa hilo nimekukosea mimi. Nipokelee."

Akalipokea kwa mikono miwili. Usidhani yaliishia hapo kwa kukumbatiana, maana alipokwisha kulipokea alinigombeza sawasawa. "Swali lenu lilikuwa zuri! Mimi mwenyewe nilikuwa najiandaa kwenda nalo wilayani. Sasa bomba nani analitaja? Wananitaja mimi, na mwenye hoteli anakunywa chai yake kwa amani!"

Jumatatu alishuka nami mjini, na miguu yake ile mibovu, akamwambia afande kwamba yamekwisha nyumbani na hana mashtaka tena. Afande alimuuliza mara mbili kama amelazimishwa. Mzee akacheka, akajibu, "Aliyenilazimisha ni babu yangu, na alikufa zamani." Wiki ile ile niliomba radhi kwenye ukurasa kwa jina langu kamili. Nikabadilisha nywila, tukabaki wawili wenye kuishika kwa zamu, na kila andiko likawa na jina la mwandishi chini yake. Mzee Aloisi akasimama mbele ya simu yangu, jua likimpiga usoni, akauliza yeye mwenyewe: nani ameruhusu? Haikuwa kazi ya siku moja, lakini mkaguzi alikuja, bomba liliondolewa, na mfereji ukapata maji.

Miezi ikapita. Tukiwa tunasafisha mfereji, Mzee akaniambia kana kwamba anaomba chumvi, "Jani jingine lilikuja."

"La nani, Meku?"

"Limeshapokelewa," akasema, akaendelea na jembe lake.

Hakunitajia jina, na hajamtajia mtu. Siku tulipomzika kihambani kwake, wale wenzangu kumi wote walikuwapo, wengine wakishika sepetu. Sikumtafuta aliyelia zaidi.

Kwa hiyo, mwanangu, sikukatazi kusema. Sema! Wakubwa waulizwe, na usikae kimya wakati maji ya watu yanachukuliwa. Ila nywila si jani la mgomba, usiigawe kwa kuona haya. Andika jambo ambalo unaweza kulitia jina lako, na usilolijua liulize, usilitangaze. Sheria za mtandao zisome, usingoje kusomewa kituoni kama mimi. Yamo ndani yake nisiyoyapenda, na nimeyasema kwa jina langu, lakini zinamlinda pia Mzee Aloisi wa mtu. Na aliyekuja kwako kutubu, mfunike jina lake.

Ruwa, Mungu wa babu zetu, akupe mdomo usioogopa na mkono usiojificha. Na siku utakapokosa, maana utakosa, akujalie mtu wa kukugombeza akiwa ameshakusamehe.