Cheti cha Atuganile Kimemfunga Ng'ombe Wangu

Nani anajua kufungua fundo la mabaharia? Aje kwangu Kisondela, mvua imeanza!
(Naongea tu, simu inaandika.)

Mjukuu wangu Atuganile kaniletea cheti, kafuzu kufanya kazi kwenye meli za uvuvi.

Nikamwambia, "Mimi sijui kusoma. Mtoto wa migombani wewe, utakufa maji. Huendi!"

Akacheka. "Haya bibi, nipe yule mkorofi wako nimfunge, uone nilichofundishwa."

Mkorofi ni ng'ombe wangu. Hakuna kamba anayoiheshimu, na migomba ya jirani anaijua kuliko mwenyewe.

Atuganile akamfunga, akaenda zake sokoni.

Ng'ombe kavuta weee, mwisho kalala.

Sasa nataka kumwingiza bandani, fundo halifunguki! Na kamba mpya sikati.

Nimempigia: "Mwanangu, meli utapanda. Ila rudi kwanza unifungulie ng'ombe!"