Viti vya Wenye Wasiwasi

Jumapili ile mama mdogo hakwenda gerezani kumwona mumewe, kwa sababu alikuwa anasubiri wageni kutoka Ulaya.

Baba mdogo alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama cha upinzani kijijini kwao, Kisarawe. Alikamatwa wiki ileile waliyokamatwa wakubwa wake, wale wanaotajwa redioni. Mimi naishi Visiga, na kwa kuwa naandika vitabu, ukoo mzima unaamini maneno yote ya dunia yanapitia kwangu. Mabalozi wa nchi za nje walipotoa tamko, mama mdogo alinipigia simu nimsomee.

"Wanasema wana wasiwasi mkubwa kuhusu kukamatwa kwa viongozi wa upinzani na wengine."

"Na yeye yumo?"

"Yumo kwenye hao wengine."

"Wanakuja lini?"

"Hawaji, mama. Wametoa tamko tu."

"Mtu aitangazie dunia nzima kwamba ana wasiwasi na mume wangu, halafu asije hata kukaa? Hao wamelelewa na nani?"

Nilitaka kumweleza tamko ni nini, nikagundua kwamba mwenyewe sijui. Si barua, maana halikuandikwa kwa mtu. Si msaada. Ni kama mtu aliyesimama barabarani akapaza sauti kuelekea nyumba inayoungua, kisha akaendelea na safari. Lakini bila sauti ile, nani angejua kwamba nyumba inaungua?

Jumapili asubuhi nilipitia Mlandizi na Mzenga hadi kwake ili nimsindikize gerezani. Nilikuta turubai limefungwa uani, viti vya plastiki vya kikundi cha kina mama vimepangwa, na sufuria la pilau liko juu ya mafiga.

"Mama, leo ndiyo siku ya kumwona."

"Nikiondoka, wakikuta mlango umefungwa? Waseme mke wake hana habari naye?"

Tukakaa. Mikorosho ilinong'ona na upepo, na kila pikipiki iliyopita mama mdogo aliinuka na kutengeneza mtandio wake.

Wa kwanza kuja walikuwa wanawake watatu wa jirani, wamejifunga kanga kiunoni. Mmoja alipofika chini ya turubai aliangua kilio.

"Jamani, kaka yetu! Wamemuua!"

"Nani kafa?" mama mdogo alifoka. "Hebu nyamaza, unanichulia!"

"Sasa turubai la nini, dada? Tumeona viti!"

Habari ilishasambaa. Wakaja wengine, hata mzee wa nyumba ya pili, wa chama kile kingine, ambaye tangu siku ya polisi alikuwa akituona anageuzia baiskeli yake njia ya shamba. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku akitazama chini.

"Mauti yamemkuta lini?" aliuliza.

"Yu hai," nilisema.

Nilidhani ataondoka. Alisimama akiwa ameshika kofia yake, asijue afanye nini na pole aliyokuja nayo. Kisha akavuta kiti, akakaa. Wote wakakaa. Mama mdogo akapakua pilau, na watu waliokuwa wameogopa kumtembelea mke wa mahabusu walikula kwake mpaka ukoko, wakimsifu mumewe kana kwamba kweli wanamzika.

Sikujua nicheke au nilie. Huko gerezani mtu mmoja alikuwa amengoja jina lake liitwe, halikuitwa.

Jioni tulirundika viti. Mama mdogo alifuta kimoja kwa kanga yake, polepole.

"Jumapili ijayo twende wote," alisema. "Ila wewe ndiye utakayemwambia. Mwambie watu walijaa."

"Watu gani nimwambie, mama?"

Alifikiri sana.

"Wenye wasiwasi."