Kunazi Nilizosema Hazijaiva

Taabu zangu zilianza mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa. Baba alifariki, shule nikaiachia darasa la tatu, na mwaka huo mimi na mama tulikula kunazi za porini asubuhi na jioni mpaka ulimi ukachubuka. Niliapa nikikua sitazigusa tena. Vyote nilivyopata baada ya hapo nimevipata kwa mikono yangu na leseni ya gari. Sikubebwa na mtu.

Doha nilifika 2004, dereva wa nyumba moja Al Rayyan. Miaka ya baadaye likaanzishwa soko la wakulima la msimu wa baridi, Alhamisi mpaka Jumamosi. Mwezi wa pili, baridi ikianza kulegea, ndipo linanoga. Joto likirudi linafungwa. Mama mwenye nyumba alinitajia vitu kwa mdomo, maana kusoma kwangu ni kwa kubahatisha, na sikusahau hata kimoja: nyanya, matango, bilingani, mamumunye, figili na majani yake. Kule huuziwi kilo, unauziwa sanduku. Nililifukua mpaka chini, kwa sababu wauzaji hupanga nzuri juu. Sijapeleka nyumbani nyanya iliyooza, na anayebisha aje.

Chumba cha kando ya geti nilikaa na mlinzi, mtu wa pwani kama mimi, mdogo wangu kwa miaka kumi. Kazi yake haikumpa ruhusa ya kutoka. Februari 2014 akaniuliza, "Mzee, huko sokoni huzioni kunazi?"

"Za nini?"

"Za kula. Jana kapita mgeni na mfuko, harufu imenifuata mpaka kitandani. Niletee japo kiganja."

"Mtu mzima na ndevu zako unalilia kunazi. Una mimba?"

"Huenda. Wewe lete tu, mtoto tutamwona baadaye."

Zilikuwepo. Waarabu wa huko wanaziita kanar. Zilikuwa nono, njano, zimekaa karibu na nyanya. Nilizipita kama mtu anayempita mdai wake. Nikamwambia hazijaiva.

Wiki ya pili aliniuliza hata sijazima gari. Nikasema bado.

"Kunazi za huku zina maringo kama wewe," alisema, akashusha masanduku.

Ijumaa ya tatu nilirudi saa tano asubuhi, nikapiga honi. Geti halikufunguka. Nikapiga tena, nikamtukana, nikashuka kwenda kumgombeza. Alikuwa kwenye kiti chake, kofia magotini, uso umeelekea njia niliyojia. Nilimshika mkono, nikauachia. Daktari alisema ni moyo.

Hakuwa na ndugu mji ule, kwa hiyo niliitwa kusaidia kumwosha. Mwoshaji alitia majani yaliyosagwa kwenye maji, akayavuruga mpaka yakatoa povu. Sikuuliza ni majani gani. Kwetu pia maiti huoshwa kwa mkunazi. Kata ilikuwa mkononi mwangu.

"Mimina, mzee," mwoshaji aliniambia. "Mbona umesimama?"

Wiki iliyofuata nilinunua sanduku zima la kunazi, nikaliweka juu ya kile kiti. Zilikaa mpaka zikasinyaa.

Mke wake alinipigia simu kutoka nyumbani. Alitaka kujua kama marehemu alitamani kitu siku zake za mwisho. Nikamwambia hakutamani kitu. Hilo nalo nilisema.

Nilifanya kazi pale miaka mitano zaidi. Kila mwezi wa pili, nikirudi na nyanya nikapiga honi, kabla geti halijafunguka nilisikia sauti inauliza, "Zimeiva?" Mlinzi mpya alikuwa Mnepali, Kiswahili hakijui. Sikumweleza mtu, wangesema mzee amechoka, arudishwe kwao.

Leo nina nyumba ya mawe, vyumba vinne. Ekari tatu, hati kwa jina langu. Kisima. Ng'ombe watatu. Pikapu moja, bado inatembea. Mkunazi mmoja, niliukuta shambani nilipolinunua. Sijaukata, na sijachuma. Geti la chuma, ambalo nalifungua mwenyewe.