Mama Chaki na Darasa Lililosema Ndiyo

Wa kwanza kusimama nilikuwa mimi, kwa hiyo wa kulaumiwa ni mimi. Tulikuwa tumekaa ukumbini, wanafunzi wapya wa shahada ya uzamili, kila mtu akijifanya hana wasiwasi. Akaingia mama mmoja wa makamo, akaweka mkoba wake juu ya meza ya mbele, akatazama ubao uliojaa michoro ya watu wa jana, akaguna. Akatafuta kifutio. Aliufuta ubao wote kutoka juu kushuka chini, akaandika tarehe pembeni kwa mwandiko ulionyooka, kisha akaenda kufungua madirisha. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nilisimama nikasema, "Shikamoo, Mwalimu." Wenzangu wakasimama nyuma yangu, viti vikikwaruza sakafu.

"Marahaba. Kaeni."

Tukakaa. Kalamu zikatolewa. Mama yule akageuka kututazama, chaki mkononi, na hapo nikamwona anaganda.

"Jamani," akasema, "mimi si mwalimu wenu. Mimi ni mwanafunzi mwenzenu."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Kulikuwa na kijana mmoja mtanashati, tulikuja kumwita Tai kwa sababu ya ile tai yake nyekundu, huyo alicheka hadi akapiga meza. Mama wa watu alinyakua mkoba wake kwa haraka, karatasi zikamwagika, akainama kuzizoa huku uso unamwaka. Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kando yangu.

"Mkono ulitangulia," alininong'oneza alipokaa. "Nimekuja kufikiri, ubao umeshafutika."

Nilimpenda hapohapo. Mambo mengine niliyajua baadaye, tulipozoeana. Alikuwa amefundisha shule ya msingi tangu ujana wake, madarasa ya watoto wanaobanana kwenye madawati, na wanafunzi walimpa jina la Mama Chaki kwa sababu kiwiko chake cha kulia kilikuwa cheupe muda wote. Mumewe ni fundi wa friji, mtu wa maneno machache. Asubuhi ile alimpigia pasi blauzi kwa mikono yake mwenyewe, akaichoma kidogo kwenye pindo, akaficha kosa kwa kuichomekea vizuri. Wifi yake ndiye hakuwa na dogo. "Wifi," alimwambia mlangoni, "wenzako wanajiandaa kustaafu, wewe unajiandaa kufanya mtihani? Ukirudi jioni na uso uliosawijika, usije kulia kwangu."

Na hofu ya kurudi na uso uliosawijika ilikuwa ya kweli. Chuo kile kina utaratibu wake, na sijausikia kwingine. Ukipokelewa bado hujapokelewa. Siku ya kwanza kila mwanafunzi mpya anasimama mbele na kueleza swali analotaka kulitafiti, wahadhiri wakiwa wamekaa viti vya nyuma kabisa, wakisikiliza na kuuliza maswali. Mwisho wa kikao mhadhiri anainuka, anamfuata mwanafunzi aliyempenda, anampa mkono. Hiyo inaitwa kuchukuliwa. Usipochukuliwa, unafunga virago, unaomba upya mwaka ujao. Kwa Tai, mwaka ujao haukuwa mbali. Kwa Mama Chaki haukuwepo. Mwalimu mkuu wake alimpa ruhusa shingo upande, akamwambia wazi kwamba hatampa nyingine.

Wahadhiri walipoingia, kwenye viti vya nyuma alikaa Wembe. Profesa huyu aliitwa hivyo na wanafunzi wake mwenyewe, na ungemsikia akiuliza swali ungejua sababu. Ilisemekana kwa muda mrefu hajamchukua mtu. Msichana wa kwanza aliyezungumza aliulizwa na Wembe maswali mawili tu, ya upole kabisa, akaanza kueleza mambo ambayo hata yeye hakuyategemea, mwishowe akaomba maji.

Tai alizungumza vizuri, lazima nikiri. Mimi nilibabaika lakini nikafika mwisho. Kisha akaitwa Mama Chaki, na kabla hajafungua mdomo watu wakaanza kutabasamu. "Leo tutapewa mazoezi ya nyumbani," mtu mmoja akasema chini chini. Moyo uliniuma kwa niaba yake.

Alisimama na karatasi zake. Alikuwa ameandika hotuba ya kisomi, yenye maneno mazito yaliyobanana, kwa sababu aliamini ndivyo watu wa chuo wanavyoongea. Akaanza kusoma bila kuinua macho. "Mwitikio wa pamoja wa wanafunzi darasani ni suala mtambuka... hivyo, kwa kuzingatia hayo, chanzo kikuu cha tatizo hili ni kuwahoji wazazi kwa idhini yao, ambapo majibu yatagawanywa kwa umri kabla ya tatizo lenyewe kutokea..." Aliendelea hivyo hadi mwisho wa ukurasa. Tulitikisa vichwa kukubali. Tai aliandika kitu. Akainua macho, na yale mazoea yaliyofuta ubao yakamponyoka tena:

"Tumeelewana?"

"Ndiyooo!" tukaitika. Ukumbi mzima. Hata viti vya nyuma.

Mama Chaki akatazama karatasi yake. Akaigeuza, akatazama iliyofuata, akarudi kwenye ya kwanza. Mimi niliyekaa mbele niliona kilichotokea: zile karatasi zilizoanguka alikuwa amezizoa ovyo, ukurasa wa tatu ukaja mahali pa wa pili. Angeweza kukohoa, akapanga karatasi, akaendelea. Mtu mwingine angefanya hivyo na asingejulikana.

Badala yake akamtazama Tai. "Mwanangu, wewe umeelewa nini?"

Tai akanyoosha tai yake. "Kwamba... chanzo cha tatizo ni wazazi."

"Wazazi wamefanya nini?"

"Wamehojiwa."

Mtu akacheka, kisha wawili, kisha akacheka Tai mwenyewe. Mama Chaki hakucheka. Aliweka karatasi zote mezani, akazifunika kwa kiganja.

"Nimesoma kurasa zilizochanganyika," alisema. "Nilichosoma hakina maana. Mimi mwenyewe sijakielewa. Nikawauliza kama tumeelewana, nanyi nyote mkasema ndiyo. Hebu naomba msicheke, maana hili ndilo swali langu. Ndilo lililonitoa nyumbani."

Sauti ilikuwa imebadilika. Ilikuwa sauti ya mtu aliye kazini kwake. Akatoka nyuma ya meza, akasimama karibu na sisi.

"Nilikuwa na mtoto darasani, msichana, anaitikia kwa sauti kuliko wote. Nikiuliza 'mmeelewa?', ndiyo yake inafika hadi barabarani. Nikawa namtegemea. Nikimsikia yeye, nafuta ubao, naendelea mbele. Mtihani ulipokuja aliandika jina lake, basi. Karatasi nyeupe. Nikamwita pembeni, nikamuuliza, mama, mbona kila siku unaniambia umeelewa? Alishangaa, kana kwamba mimi ndiye mtoto. Akaniambia, 'Mwalimu, ulikuwa unafurahi tukisema ndiyo.'"

Hakuna aliyetikisa kichwa sasa.

"Miaka yote hiyo," akasema, "walikuwa wananitunza. Watoto wadogo wananitunza mimi, nisihuzunike. Nataka kujua darasa linajifunza lini kusema ndiyo ya uongo. Nani analifundisha? Na mwalimu afanye nini ili mtoto asiogope kusema hapana? Nimemaliza."

Wembe akainua mkono. Nikafumba macho.

"Utajuaje," aliuliza kwa ule upole wake wa kutisha, "kwamba mtu ameelewa kweli?"

"Sijui," alijibu Mama Chaki. "Ningejua ningebaki kwangu nikafundisha. Nimekuja hapa kwa sababu sijui, na nimechoka kutojua peke yangu."

Wembe hakuuliza la pili. Wengine wote walikuwa wameulizwa la pili.

Wakati wa kuchukuliwa ulipofika, mhadhiri mmoja mama aliinuka haraka na kushuka ngazi za ukumbi akimwelekea jirani yangu, mkono umeshanyooshwa. Hakufika. Wembe alipita safu ya kati, akaruka mkoba wa mtu, akatangulia. Nasema akaruka, mzee mzima yule, na watu wakashangilia kama wako uwanjani.

"Na mimi niliitikia ndiyo," alimwambia Mama Chaki, akimpa mkono. "Kwa sauti. Sikuwa nimeelewa neno hata moja. Tukianza kesho asubuhi, itafaa?"

"Itafaa," alisema, na mkono wake ulikuwa umetapakaa chaki, wa Wembe ukatapakaa pia. Tai ndiye aliyeanza kupiga makofi. Kijana yule hana kinyongo, na mimi tangu siku hiyo nimemsamehe kicheko chake. Makofi yalizidi hadi karani wa chuo akachungulia mlangoni.

Nami nilichukuliwa, na yule mhadhiri aliyechelewa ngazini, lakini hiyo ni habari ndogo.

Tulitoka pamoja. Kwenye ngazi za nje alimpigia mumewe simu, akaiweka kwa sauti ya juu ili nami nisikie. Tulisikia nyundo na redio ya karakana. "Baba watoto," alisema, "nimechukuliwa." Nyundo ikasimama. Kisha yule mtu wa maneno machache akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa fundi yeyote: "Wamemchukua! Wamemchukua mke wangu!" Sauti nyingine ikauliza kwa hofu, nani, polisi?

Mama Chaki alicheka hadi akaketi kwenye ngazi, na alipokwisha kuketi akalia. Alilia waziwazi, wanafunzi wakitupita na vitabu vyao, naye hakujali macho ya mtu.

"Nilidhani watanirudisha," aliniambia. "Mwanangu, tangu niliposhuka kwenye gari asubuhi, nilikuwa nasubiri mtu aje aniambie nimekosea mlango."

Nilikaa kando yake, nikamshika mkono. Hakuja mtu.