Kulima Hakuombi Kibali

Enzi zetu, siasa ilinuka jasho na udongo wa shamba la pamba. Nasema hivyo nikijua wajukuu zangu watanicheka, maana siasa yao ni fulana za bure na spika za kupasua masikio.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kijijini kwetu upande wa Geita. Sisi wasichana tulibeba magunzi mgongoni tukiyaita watoto wetu, midomo imejaa michembe, vile viazi vikavu vilivyochemshwa kwa karanga. Baba alikuwa mkulima tu. Serikali ya kikoloni ilipoamuru kila mtu apunguze ng'ombe wake, wenzake wakamjia. "Baba Kabula, wewe una mdomo. Tusemee." Kabula ndiye mimi.

Lakini mikutano ilikuwa marufuku, na aliyehutubia alifungwa. Basi Baba akaita watu kulima. Wakajipanga mstari, ngoma ikalia, majembe yakapanda na kushuka pamoja, naye mbele yao akiyaimba yote aliyokatazwa kuyasema: "Ng'ombe ni wetu, hatutoi!" Mstari mzima ukaitikia. Sijaona raha kama ile.

Askari wa mtemi, chifu wetu aliyeitumikia serikali ile, akatokea, anahema.

"Mkutano huu una kibali?"

"Mwangaluka, mwanangu," Baba akamsalimu. "Mkutano gani? Tunapalilia. Shika jembe."

Watu walicheka hadi ngoma ikanyamaza. Siku ya pili yake wakaja kumchukua.

Mimi nililia. Mama hakulia. Alijifunga kaniki, akaitwaa ngoma mwenyewe, jambo ambalo kwetu halikuzoeleka kwa mwanamke. "Mnangoja nini? Magugu hayafungwi jela!" Watu wakaja, hata wa vijiji vya mbali. Wakamaliza shamba letu, wakahamia la jirani, na wimbo ulikuwa ule ule.

Baba alirudi amekonda, akakuta pamba imepasuka, nyeupe tupu. Wakulima wakamchagua kuingia baraza la wilaya. Siku ya kwanza alikwenda na jembe begani. "Atakayeniuliza kibali," alisema, "hiki hapa."

Siku hizi shamba lile vijana wamelitoboa mashimo wakitafuta dhahabu, na Baba hayupo. Namkumbuka yeye, na Mama, na mstari ule wote. Lakini jembe ninalo. Mgombea akija na fulana zake namkaribisha vizuri, nampa jembe, namwonyesha magugu nyuma ya nyumba. Mpaka leo hakuna aliyemaliza tuta moja, na kura yangu bado ninayo.